Mzee wa kwaya anasema slapu si besi. Je, niiache?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisani kwetu Mwanza, na mara moja moja napiga harusini na bendi ya marafiki. Mwaka huu nimejifunza slapu, ile ya kupiga nyuzi kwa gumba na kuzivuta kwa kidole, kwa kuangalia video, na vijana wenzangu wananishangilia kweli. Lakini mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyepiga dansi enzi zake, alinisimamisha katikati ya mazoezi mbele ya watu: 'Hiyo si besi. Ukitaka kupiga ngoma, nenda ukakae kwenye ngoma.' Mpiga solo yuko upande wake, mpiga kinanda yuko upande wangu. Nikaona hata wanamuziki wakubwa wa nje wanabishana jambo hili hili. Je, slapu ni kosa? Kwa nini inawagawa watu hivi? Niiache? Halafu kidole gumba kimeanza kuniuma kwenye shina, karibu na kifundo cha mkono. Ni kawaida?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kusimamishwa mbele za watu. Umeuliza mambo manne kwa mpigo. La mwisho, la gumba, ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote na nitalifikia. Kwa sasa, kama linauma hata ukiwa umekaa tu, weka besi chini mpaka umalize kusoma.

Nikikusoma vizuri, kinachokuuma zaidi ya kidole ni lile neno "si besi". Umekaa miezi na simu mkononi, unarudia sekunde kumi kumi za video, ngozi ya gumba imechubuka, halafu mtu unayemheshimu anakwambia ulichokihangaikia hakimo hata kwenye familia ya besi. Ningekuwa mimi ningenuna wiki nzima. Ila mzee wako, pamoja na ukali wake, amegusa penyewe. "Ukitaka kupiga ngoma, nenda ukakae kwenye ngoma." Slapu ya gitaa la besi ilizaliwa kwa sababu kwenye ngoma hapakuwa na mtu.

Nenda Oakland, California, miaka ya 1960. Kijana Larry Graham anapiga muziki kumbi za usiku na mama yake, Dell Graham, mwimbaji na mpiga piano. Kijana ni mpiga gitaa, na besi anaipiga kwa miguu, kwenye pedali za ogani ya ukumbini. Siku moja ogani inaharibika. Anakwenda kukodi gitaa la besi, la muda tu, mpaka ogani itengenezwe. Ogani haikutengenezeka. Baadaye mama akaamua kuendelea bila mpiga dramu, wakabaki wawili jukwaani. Sasa watu watachezaje? Kijana akaanza kuutwanga uzi mnene kwa gumba pale ambapo kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, ingelia, na kuudonoa uzi mwembamba kwa kidole pale ambapo snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ingelia. Kwa kuwa aliamini atarudi kwenye gitaa lake, hakuhangaika kujifunza besi "inavyotakiwa" kupigwa. Hakuwa na mzee wa kumsimamisha. Baadaye akachukuliwa na kundi la Sly and the Family Stone, na mwishoni mwa 1969 ukatoka wimbo wao "Thank You (Falettinme Be Mice Elf Agin)", uliofika namba moja Marekani mapema 1970. Kuanzia hapo kila mpiga besi wa fanki alitaka gumba kama lile. Neno slapu, yaani kofi, si lake. Yeye alikuwa akitumia maneno ambayo kwa Kiswahili chetu ni kutwanga na kudonoa, na nitayatumia humu kwa sababu yanaeleza kazi vizuri zaidi.

Rudi nyuma kidogo utaona hali ileile. Julai 1954, studio ya Sun pale Memphis: Elvis Presley anarekodi wimbo wake wa kwanza wa kibiashara. Wako watatu tu: yeye na gitaa lake, Scotty Moore kwenye solo, na Bill Black kwenye besi kubwa ya kusimama. Hakuna dramu. Ile "taka-taka" unayoisikia ni nyuzi za Black zikigonga ubao. Na kabla yake, New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, watu kama Pops Foster walikuwa wakizivuta nyuzi na kuziachia zipige ubao. Hapakuwa na amplifaya, na besi iliyopigwa kwa upole ilimezwa na tarumbeta.

Kwa hiyo tuondoe kosa la kwanza. Kama mzee anadhani slapu ni utundu wa vijana wa video, si kweli. Gitaa la besi la umeme lililoenea duniani, Precision la Fender, lilianza kuuzwa 1951. Kutwanga nyuzi kuna umri mkubwa kuliko chombo chenyewe unachokishika. Lakini ona pia kwamba kila mahali ilipostawi, ilikuja kuziba pengo: hapa hakuna dramu, pale hakuna amplifaya. Swali la kwaya yenu basi ni hili: pengo liko wapi?

Fanya jambo dogo. Chukua besi yako bila kuichomeka popote, kaa chumbani palipo kimya, twanga uzi wa E, ule mnene kuliko yote, pale shingo inapoishia. Sikiliza polepole. Zinatoka sauti mbili. Ya kwanza ni "tak" ya chuma, uzi umegonga freti (vile vyuma vya shingoni) za mwisho. Ya pili inaibuka nyuma yake, ndiyo noti yenyewe. Sasa piga uzi huohuo kwa kidole cha shahada, taratibu: ile "tak" haipo, noti inafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Ugomvi wote wa dunia kuhusu slapu unakaa katikati ya sauti hizo mbili.

Noti ya E iliyo wazi inatetema mara 41 kwa sekunde. Ile "tak" inatetema maelfu ya mara, na nguvu yake kubwa iko kama kati ya 2,000 na 5,000. Nani mwingine anaishi huko juu? Snea. Konsonanti za waimbaji, zile "s" na "t" zinazofanya maneno ya wimbo yaeleweke. Na gitaa la solo. Ndiyo maana sikushangaa uliposema mpiga solo yuko upande wa mzee: umeingia chumbani kwake bila hodi. Wala sikushangaa kwamba mpiga kinanda yuko upande wako. Besi yako inapopungua chini, mkono wake wa kushoto unapata uwanja. Usidhani wenzako wote wanabishana kuhusu sanaa. Wengine wanagombea nafasi, kila mtu na shamba lake.

Kwa nini besi inapungua chini? Kwa sababu ya muda. Mtetemo mmoja tu wa E unachukua kama milisekunde 24, na sikio linahitaji mitetemo kadhaa kabla ya kusema "hii ni E". Noti za slapu kwa kawaida ni fupi: gumba linatwanga na kuruka, mkono wa kushoto unaziba. Katikati unaweka zile noti bubu, zisizo na sauti ya noti, za kujaza mdundo. Zikipigwa vizuri zinapendeza ajabu. Ila noti fupi sana ya chini sikio huisikia kama kishindo, si kama noti. Mwalimu wa kwaya anasikiliza nini? Anasikiliza sauti ya nne inashika wapi. Wale wanaume wa nyuma wanaichukua noti yao kutoka kwako, hata kama hawajui. Ukiwapa vishindo badala ya noti, wanaanza kuelea, na wao wakielea sauti ya tatu inawafuata. Mzee anaweza asijue kulieleza hivi, lakini masikio yake yamekaa na besi miaka mingi na yanajua kuna kitu kimeondoka.

Lipo pia suala la mpiga dramu. Milio miwili mikali ikitofautiana kwa muda mfupi sana, sikio linaiunganisha kuwa mmoja. Ikizidi hapo unasikia miwili, "pa-pa", kama mtu anayejikwaa. Ukipiga kwa vidole, mwanzo wa noti ni laini na unaficha makosa madogo ya muda. Slapu haina huruma hiyo. Gumba lako liko sawa na kiki ya mwenzako au haliko, na kila aliyemo ukumbini anajua. Ndiyo maana slapu ya mtu mmoja chumbani ni tamu, na ya mtu huyohuyo na dramu mbovu ni kelele. Ukimsikiliza Graham na mpiga dramu Greg Errico kwenye nyimbo za Sly, utasikia jinsi wanavyopeana njia.

Nikupe kisa changu. Zamani nilipiga harusi moja, ukumbi wa bati na sakafu ya saruji, na nilikuwa ndiyo nimejua kutwanga. Nilitwanga tangu bwana harusi anaingia mpaka keki. Kadiri usiku ulivyoenda nikajiona sijisikii, nikazidi kutwanga. Mwisho nikaenda kwa fundi mitambo kumlaumu. Akanionyesha mashine yake: taa nyekundu ya chaneli yangu ilikuwa ikiwaka kila nikidonoa, naye kila ikiwaka ananipunguza kidogo. Vilele vya slapu vinapanda juu sana kuliko noti za vidole, na fundi asiyekuwa na kompresa, mashine ya kubana milio inayopanda ghafla, hana njia nyingine ila kukushusha. Kwa hiyo donoa lilibaki, noti za kawaida zikapotea kabisa. Ile bati nayo ilikuwa ikinirudishia kila donoa mara mbili. Nilipiga harusi nzima bila besi, tena kwa jasho.

Sasa kuhusu hao wakubwa wa nje uliowaona wakibishana. Wanaoichukia wana sababu zao za kihistoria, na nyingine ni uchovu tu. Miaka ya 1970 slapu ilikuwa sauti ya watu wachache wenye alama yao: Graham, kisha Louis Johnson wa The Brothers Johnson, Stanley Clarke, na baadaye Marcus Miller. Ikaja miaka ya 1980 na vinanda vya kidijitali. Orodha ya kimataifa ya sauti za vinanda ilipowekwa 1991, ile inayoitwa General MIDI, slapu ilipewa nafasi mbili nzima, namba 37 na 38. Fikiria: katika sauti 128 za muziki wa dunia yote, mbili ni gumba la kijana wa Oakland. Tangu hapo imetumika kwenye matangazo, vipindi vya televisheni, nyimbo za studio za bei nafuu, na hata huku kwetu kwenye vinanda vya harusi na kanisani. Mtu aliyeisikia ikitoka kwenye kinanda kwa miaka 20 anaposikia wewe unaanza, masikio yake yanajifunga kabla hujamaliza fungu la kwanza. Hilo si kosa lako, lakini ndiyo hali.

Na kuna maonyesho. Ingia duka lolote la vyombo vya muziki duniani, kijana akijaribu besi hapigi mstari wa wimbo. Anatwanga. Wanamuziki wana utani wao kuhusu hilo, na chini ya utani kuna lawama ya kweli: besi ni kazi ya kubeba wengine, na slapu inamgeuza mbebaji kuwa mbebwaji. Wapinzani wa slapu hupenda kumtaja James Jamerson, aliyepiga besi ya nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown pale Detroit. Alitumia kidole kimoja tu cha shahada, nyuzi kuukuu asizopenda kubadilisha, na bado alifanya besi iimbe. Hoja nzuri. Ila wanaomtaja husahau kwamba Jamerson alikuwa na wapiga dramu wa Motown nyuma yake. Graham alikuwa na mama yake na piano.

Video nazo zina mchango wao, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu sijaona watu wakilisema sana. Spika ya simu haiwezi kutoa zile mara 41 kwa sekunde. Haikaribii hata. Mpiga besi anayepiga vidole vizuri, kwenye simu anasikika kama mtu anayepapasa gitaa. Anayetwanga, ile "tak" inapita yote. Basi simu inachagua yenyewe nani anapendeza. Umejifunza besi kupitia chombo kinachochuja besi na kukuachia makapi, halafu umekwenda kuipiga kwenye ukumbi wenye spika za inchi 15. Makapi yale ni matamu, sikatai.

Kwani wanaoipenda wana haki gani? Kubwa sana. Slapu inafanya noti na mdundo viwe kitu kimoja, na hakuna mbinu nyingine ya besi inayofanya hivyo kwa nguvu ileile. Inampa mpiga besi uwezo wa kuinua watu wakati dramu imenyamaza. Inafupisha noti pale ambapo wimbo umejaa matope. Na si mali ya Wamarekani pekee. Bakithi Kumalo wa Soweto, kwenye "You Can Call Me Al" ya Paul Simon ya mwaka 1986, ana kipande kifupi cha besi ambacho wapiga besi wanakijaribu mpaka leo, na wengi wanashindwa kwa sababu nusu yake ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa kinyumenyume studioni. Besi yenyewe haikuwa na freti. Kipande kinadumu sekunde chache tu ndani ya wimbo mzima, kisha anarudi kubeba wenzake. Huo ufupi wake ndio ninaoupenda mimi.

Nikiri upendeleo wangu: nimekulia kwenye dansi. Besi ya rumba na dansi letu inaongea kwa mapengo, inaacha tumba ijibu, inashuka pale usipoitarajia. Ukijaza mapengo hayo kwa noti bubu, tumba haina pa kuingia. Mzee wako huenda anasikia hivyo hivyo. Kwa hiyo usinichukue kama mwamuzi asiye na timu.

Je, uiache? Ukiiacha kabisa, utapata amani ya mazoezi na utapoteza kitu ulichokitolea jasho. Kwa mtu wa miaka 23 naona ni bei kubwa kwa amani ndogo. Ukiipiga kila wimbo, vijana watashangilia miezi mitatu, kisha watazoea, na sauti ya nne itaendelea kuelea. Ninachoshauri ni katikati, lakini katikati yenye kipimo. Kwa kila wimbo jiulize kama kuna mtu kwenye dramu na anafanya nini. Kwenye tenzi na nyimbo za polepole, dramu inagusa tu na kwaya inategemea noti zako ndefu: vidole, bila mjadala. Kwenye sebene la mwisho, kwaya imeacha kuimba maneno mengi na inacheza, pana nafasi. Hapo twanga fungu nane, rudi kwenye vidole, waache wakutamani. Na siku mpiga dramu hajaja (nazijua kwaya, siku hiyo itafika) wewe ndiye kiki na snea, na nadhani mzee mwenyewe atakugeukia.

Kabla hujarudi kwake, pima. Mwombe rafiki apige besi yako, au tafuta waya mrefu, kisha nenda ukasimame benchi la mwisho karibu na mlango. Wimbo mmoja, ubeti wa kwanza vidole, wa pili slapu. Usirekodi kwa simu, nimekwisha kukuambia simu inakudanganya. Sikiliza kwa masikio: je, bado unaweza kuimba noti ya besi ukiwa pale nyuma, au unasikia "tik tik" tu? Ukisikia "tik tik", angalia kwanza ekwalaiza yako, vile vidhibiti vya sauti za chini, katikati na juu. Vijana wengi wanaotwanga wanapandisha chini, wanapandisha juu, na kuchimba shimo katikati. Chumbani ni sauti ya kifalme. Kwenye bendi, katikati ndiko besi inakosikika, na umeifukia. Rudisha katikati, punguza juu robo. Kama fundi mitambo wenu ana kompresa, mwombe akuwekee nne kwa moja, ibane vilele tu.

Halafu mwendee mzee, si mbele ya watu. Usimpelekee hoja ya Larry Graham, atakuona umekuja kumfundisha. Muulize: "Mzee, ungekuwa wewe, ungeiweka wapi?" Mtu aliyepiga dansi ana jibu la swali hilo, nakuhakikishia, na jibu lake linaweza kuwa bora kuliko langu kwa sababu yeye anaijua kwaya. Akisema hakuna mahali, tii kanisani, twanga harusini.

Sasa gumba. Kuna maumivu mawili, usiyachanganye. Ngozi ya pembeni mwa gumba ikiuma, ikachubuka au kupata lengelenge, hiyo ni ada ya kujifunza, inapona na kukomaa. Wewe umesema linauma kwenye shina, karibu na kifundo cha mkono. Hapo pana kano zinazopita kwenye ala nyembamba (mfuko kama wa kisu), na zikisuguliwa mno ala inavimba. Jipime hivi, taratibu: kunja gumba ndani ya kiganja, lifunike kwa vidole vinne, kisha inamisha ngumi kuelekea upande wa kidole kidogo. Ukisikia maumivu makali yakipanda upande wa gumba, acha hapo hapo, usirudie mara ya pili kuhakikisha. Si uthibitisho kamili, lakini ni sababu tosha ya kumwona daktari au mtu wa fiziotherapia kwenye hospitali ya wilaya au mkoa. Vivyo hivyo ukiona uvimbe, vidole vikifa ganzi, au kikombe cha chai kikikuponyoka asubuhi. Usikubali ushauri wa "piga tu litazoea". Ngozi huzoea, lakini kano iliyovimba ikiendelea kusuguliwa huzidi kuvimba.

Chanzo chake mara nyingi ni kosa moja ambalo video haionyeshi: kutwanga kwa kukunja gumba lenyewe, kana kwamba unabonyeza kengele ya mlango. Gumba halitakiwi kufanya kazi hiyo. Nguvu inatoka kwenye mzunguko wa mkono kuanzia kiwikoni, kama unavyozungusha ufunguo kwenye kitasa, na gumba linasafiri tu, legevu, likigusa uzi na kurudi. Ukisikia unahitaji kupiga kwa nguvu ili ilie, tatizo huenda liko kwenye besi. Nyuzi zikiwa juu sana ya freti, gumba linafanya kazi ya nyundo. Mpelekee fundi wa magitaa akupimie kwenye freti ya 12: milimita 2 hivi kwa uzi mwembamba, kidogo zaidi kwa mnene, na shingo iliyonyooka. Usizungushe mwenyewe ile skrubu ya ndani ya shingo kwa kubahatisha, shingo zimewahi kupasuka hivyo. Tazama pia mkanda wako. Besi inayoning'inia magotini inapendeza kwenye picha, lakini inakunja kiganja chako pembe mbaya muda wote.

Na ukipata mwalimu wa besi hapo Mwanza, hata kwa saa moja tu, mlipe akuangalie mkono wa kulia kwa karibu. Mimi siwezi kuuona kutoka huku, na maandishi yana mwisho wake. Gumba likishapona, anza upya kwa metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, dakika tano za kutwanga, kisha pumzika, hata kama unajiona uko tayari kwa zaidi.

Umesema unapiga harusini mara moja moja. Kama ipo ya wiki hii, piga kwa vidole, au mwachie mtu mwingine besi. Hospitali uende kabla ya harusi hiyo, siyo baada.